Anahitajika Mwizi Mmoja na Mchawi Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Naahidi kuandika yote humu, hata yale ya kunitia aibu. Kaka ameondoka kwenda chuoni. Ameniachia kompyuta yake ya zamani, dadu yake ya pande ishirini, na mchezo wetu. Mchezo wenyewe ni hivi: msimulizi anabuni nchi, wachezaji wanasema watafanya nini humo, dadu inaamua kama wamefaulu. Kaka alikuwa msimulizi. Mimi nilikuwa wachezaji wote. Sasa msimulizi ni mimi, na wachezaji hakuna.

Lakini programu ipo! Inachora ramani, inabuni wahusika, inapanga hata mvua. Nimeshatengeneza pango lenye vyumba kumi na viwili na joka mwenye kikohozi. Pembeni mwa kioo pameandikwa: wahusika arobaini na mmoja, wachezaji sifuri. Mama, kutoka kwenye cherehani yake, aliuliza nacheka na nani. Nikasema na joka. Akasema nimsalimie.

Jumatano, 5 Juni

Mpango kabambe! Kumbe programu inatengeneza na matangazo. Nimechapa moja katika chumba cha kompyuta na kulibandika kwenye ubao wa shule kabla ya kengele. "Wanahitajika haraka: mwizi mmoja, mchawi mmoja, askari wawili. Uzoefu si lazima. Silaha zipo. Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwa fundi cherehani." Lugha sanifu, kila nukta mahali pake. Sioni watakataaje.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeitwa na mwalimu wa nidhamu. Aliuliza silaha ziko wapi. Nikatoa dadu mfukoni. Akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio. Akauliza mwizi ni wa nini. Nikaeleza, kwa heshima zote, kwamba ni wa kufungua kufuli la chumba cha saba. Haikusaidia.

Tangazo limechanwa. Darasa zima linaniita Bosi wa Majambazi. Kiranja ameniomba mbele ya watu nisimwibie rula. Wakacheka. Nikacheka nao kidogo, kwa adabu. Wakati wa mapumziko nilikaa peke yangu, nikaboresha kikohozi cha joka.

Jumamosi, 8 Juni

Saa nane: viti vitano, bilauri tano, mtu hakuna. Mama akasema angekaa yeye, kama askari anaruhusiwa kupinda pindo la sketi huku akipigana. Nilikuwa nimeanza kurudisha viti. Hodi! Alikuwa Redio, anayekaa dawati la nyuma yangu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki. Amekuja na binamu yake, msichana mrefu asiyejua aiweke wapi miguu yake. Redio akasema, "Bosi, wezi tumefika. Tunaanza kuiba wapi?"

Nikaanza. Usiku, mvua, njia ya mlimani, gesti ndogo. Mwenye gesti nilimwandikia sentensi moja tu: vyumba vimejaa, pango liko kule. Wakauliza vimejaaje na mlangoni hakuna hata kiatu kimoja. Hilo sikulipanga! Programu nayo kimya. Nikasema vimewekewa watu ambao hawajafika. Redio akauliza anawangoja tangu lini. Nikasema tangu kaka yake aondoke. Redio akanitazama. Akasema maskini, basi pangoni hatuendi, tunalala hapa hapa tumchangamshe.

Nikawakumbusha kuhusu joka. Wakasema joka angoje. Binamu akatupa dadu ili aoshe vyombo vya gesti, akapata ishirini! Vyombo vikang'aa hadi vikaonekana kutoka mlima wa pili. Wakamuuliza mwenye gesti anapenda nini, anaogopa nini, jioni hukaa na nani. Yote hayo ilinibidi nijibu mimi. Tulicheka mpaka Mama akasimamisha cherehani akaja kuona kuna nini. Walipoaga wakaomba kurudi Jumamosi ijayo, gesti ile ile.

Hawakuona hata mlango wa pango. Kazi yangu yote! Nimelia kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Nimerekebisha kila kitu. Gesti nimeifuta. Programu iliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, bila kusita. Sasa njia inakwenda moja kwa moja pangoni, ina kuta huku na huku, na mvua ya mawe inawafuata nyuma. Wachezaji nimewaandikia maneno yao ya kusema, wasije wakahangaika.

Kisha nikamwandikia Kaka. Nimemwambia mambo ni mazuri, hatimaye nina wachezaji wawili, tena wapole. Wana kasoro moja tu: wakikaa mezani wanataka kuongea na mimi. Tafadhali Kaka, nijibu leo leo, Jumamosi si mbali: katika programu hii yako, kitufe cha kuwazuia kiko wapi?