Ua Langu la Kwenye Kopo

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya kikundi kizima. (Nguo za heshima. Kanga ilikuwepo.)

Hapa kwetu Kishapu majirani tunang'oa gugu karoti, lile linalowasha ngozi, kwa pamoja, shamba kwa shamba, maana ukisafisha lako na jirani akaliacha, upepo unakurudishia mbegu. Tunaling'oa likiwa changa, kabla ya maua. Ukikutwa nalo tena kwako, unapigwa mchenya: unatoa mbuzi, tunamla wote. Aliyependekeza adhabu hiyo? Mimi. Na mwezi uliopita nilimkomalia jirani yangu, Baba Masunga, mpaka akatoa mbuzi. (Figo nilikula mimi.)

Leo asubuhi tumekuta limeota tena kwake, upande wa uzio wangu tu. Nikafoka: "Baba Masunga, unalifuga? Mbuzi wa pili huyo!"

Maskini, akaendelea kung'oa.

Tulipomaliza nikawakaribisha kwangu uji. Baba Masunga akasimama mlangoni, anakodolea macho kopo langu la rangi nililopandia ua.

"Mama Kulwa, hiki nini?"

"Ua hilo! Kanipa wifi yangu wa kule Kambarage. Namwagilia kila jioni. Ona vimaua vyeupe vilivyojaa!"

Akachuma jani, akalinusa. Akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Bebe, wewe Mama Kulwa! Hili si gugu karoti?"

"Yaya, hapana!" nikaruka. "Gugu karoti nalijua mimi!"

Nalijua, ndiyo. Likiwa changa. Lililochanua ningelionea wapi, na sisi tunaling'oa mapema? (Na mikono inavyoniwasha wiki zote hizi, nasingizia sabuni!) Kumbe mbegu zote za kwa Baba Masunga zilitokea mlangoni kwangu.

"Mchenya!" wakapaza sauti wote, hata waliokuwa bado hawajaelewa.

Beberu niliyekuwa naye ni mmoja tu, nimemnenepesha kwa ajili ya kipaimara cha mapacha wangu, Kulwa na Doto. Nikamkumbatia shingo. "Jamani, huyu ni wa watoto!"

"Sheria yako, Mama Kulwa," akasema Baba Masunga.

Basi. Uji umegeuka supu. Figo kapewa Baba Masunga, anatafuna taratibu huku ananiangalia.

"Wabeja, asante sana, Mama Kulwa," akasema. "Hilo ua liendelee kumwagiliwa."

Naombeni msicheke. Kipaimara kipo palepale, ila kwa maharage. Michango ya mbuzi napokea. Maua, hapana.