Mshumaa Usiotaka Kiberiti

Jumatatu, 9 Juni 2003

Leo nimepata dawa. Mji huu wa Kitengela utanijua!

Tangu Ruqia afungue hoteli yake ng'ambo ya barabara, hoteli yangu, Karibu Tena, haikaribishi mtu, wala hakuna anayekuja tena. Leo asubuhi mteja wangu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia ya Namanga. Hata Tajeu, mfanyabiashara wa mbuzi, mteja wangu wa siku zote, amehamia upande ule. Amenipungia mkono akiwa ameshika kikombe cha Ruqia. Bila aibu!

Muthoni, mke wangu, amesema mwezi ukiisha hivi anaenda Entarara kulima nyanya na dada yake. Sufuria anabeba. Sufuria ni zake. Nimemwambia atulie, mume wake ana akili.

Nikaenda Rongai kumwona Profesa Mugo, mtaalamu wa mishumaa. Ofisi safi, nyuma ya duka la misumari. Akasema hoteli yangu imefungwa. Nikamwambia hapana, nafungua alfajiri. Akasema imefungwa kinyota. Huyu amesoma.

Amenipa mshumaa mwekundu, mnene. Akasema wajinga hudhani kazi ni ya mshumaa. Kazi ni ya moto! Kiberiti kina baruti, kinaleta ugomvi. Laita ni moto wa gesi, hauna baba wala mama. Ukiutumia huo, wateja watakuja na kuondoka bila kula. Moto wa kweli unachukuliwa pale watu wanapojaa. Watu watafuata moto kama ndama anavyomfuata mama yake.

Na watu wanajaa wapi? Kwa Ruqia. Basi nitauwasha kwa moto wa jiko lake mwenyewe!

Jumanne, 10 Juni

Nimevuka. Mtu haendi kwa mpinzani kuomba tu, kwa hivyo niliagiza chai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali, nionekane wa kawaida. Chai ile! Tangawizi, iliki. Nikaagiza ingine, kwa sababu za upelelezi. Kisha nikamwomba Ruqia kaa moja la moto. Akauliza la nini. Nikasema kiberiti kimeisha.

Akacheka. "Sasa Mzee Githongo, jirani ni wa nini?" Akanipa kiberiti. Kimejaa pomoni. Nikashukuru kwa uchungu.

Nikitoka, Tajeu akanipigia salamu yao ya Kimaasai, "Sopa!" ya nguvu, akawaambia wenzake mezani kwamba hata mwenye Karibu Tena siku hizi anakula hapa. Wacha aseme.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu mpya. Nilikaa karibu na jiko, nikaagiza chai, nikachomeka kijiti kwenye makaa. Kikashika! Nikatoka nacho mbio, nimekikinga kwa kiganja. Lakini upepo wa hapa hauna adabu. Unatoka huko tambarare bila kusimama popote. Kijiti kikazimika katikati ya barabara.

Nikarudi. Chai ingine, kijiti kingine. Upepo ule ule.

Ruqia alinitazama kwa huruma, akanipa laita ya mume wake, Dubow. Akasema nisirudishe.

Muthoni ameniuliza mbona sili chakula cha mchana. Nikasema niko na mawazo. Ni kweli. Niko na mawazo na anjera.

Alhamisi, 12 Juni

Uvumi! Mji wote unasema Githongo ameishiwa mpaka hana kiberiti.

Mchungaji amekuja na kina mama wa kanisa. Wameniombea kwa machozi, wakaacha paketi nzima ya viberiti. Tajeu ameleta chake. Hata wafanyakazi wa viwanda vya EPZ, waliokuwa wakila kwangu, wamepita mmoja mmoja, wakaweka viberiti mezani kama watu walio matangani, kisha wakavuka kwenda kula kwa Ruqia.

Muthoni amekunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko. Hapo nilishtuka, sitaficha. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Lakini mtu mkubwa harudi nyuma. Viberiti sijagusa hata kimoja.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefaulu! Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kabla Ruqia hajafunga aende swala ya Ijumaa, nilimkabili uso kwa uso. Nikasema nataka makaa ya jiko lake, sio kitu kingine. Alishangaa. Lakini ni mtu wa roho safi, lazima nikubali. Akatia makaa kwenye mkebe mtupu wa mafuta, akanipa na kitambaa. "Shika na hiki, mzee." Kitambaa cha nini kwa mwanaume? Nikamwachia.

Katikati ya barabara nikajua ni cha nini. Nikakimbia. Nikafika. Nikagusisha utambi kwenye kaa, na mshumaa ukawaka! Mwekundu, mzuri, ukiangalia mlango kama alivyoagiza Profesa. Hapo ndipo mkono ulipokataa. Mkebe ukaanguka kwenye turubai ya mlangoni. Moto!

Muthoni akapiga nduru. Tajeu akavuka mbio, akanyakua sufuria yangu kubwa ya chai, akaimwaga yote. Moto ukazimika papo hapo. Mshumaa pia.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Tajeu akanusa sufuria, akatangaza, "Githongo, hii si chai. Hii ni maji imeona ng'ombe kwa mbali!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Muthoni alicheka wa kwanza, halafu akalia. Akasema mbele ya wote kwamba kila akigeuka mimi huongeza maji, na amechoka kuona haya kwa niaba yangu. Nikamweleza kwamba hiyo ni biashara. Ruqia alipotoka kuswali alikuja na dawa, akanifunga mkono.

Jumatatu, 16 Juni

Wamerudi! Nilijua!

Daktari amesema nisikaribie jiko, kwa hivyo Muthoni ndiye anayepika tangu Jumamosi. Siku ile walikuja wachache, kuangalia turubai iliyoungua. Wakanywa chai. Leo benchi zote zimejaa, wengine wanakunywa wamesimama. Tajeu amekunywa, akaongeza, akaenda kuwaita wenzake wa mbuzi. Ruqia mwenyewe ametuma watu wake wachukue chapati. Muthoni anaimba jikoni, na ule mfuko wa nguo siuoni tena.

Na mshumaa uliwaka kidogo tu! Fikiria ungewaka wote!

Muthoni anasema ni maziwa. Anawaambia wateja hivyo, mimi nikiwa hapo hapo. Nimetabasamu tu. Mambo ya nyota si ya kila mtu.

Bandeji inatoka Alhamisi, narudi jikoni kwangu. Na kwa vile wateja sasa wanaletwa na moto, sioni haja ya kuendelea kuwamwagia maziwa yote hayo.