Mto wa Nishani ya Mzee Agbodan

Jumamosi, 2 Juni 2001

Mzee Agbodan amefariki. Mama amemhudumia miaka miwili huko Harrow, akimwogesha na kumlisha, na leo amelia kama binti yake wa kumzaa. Mimi nimelia kidogo. Halafu nimepata wazo.

Mzee alikuwa hakimu kwao Togo, akatunukiwa Nishani ya Mono. Hakuna nishani iliyo juu ya hiyo nchini mwao. Familia imeamua iwekwe juu ya mto wa mahameli na kubebwa mbele ya jeneza. Mkubwa mmoja wa ubalozini atakuwepo. Atauliza yule msichana mwenye adabu ni nani. Nitamweleza kwamba Baba bado yuko kwetu Bukavu na amenyimwa viza ya kuja huku mara mbili. Mkubwa atapiga simu moja. Basi!

Jumanne, 5 Juni

Pigo. Mto ataubeba Jennifer, mjukuu wa mzee. Jennifer! Mara ya mwisho kufika kwa babu yake ilikuwa Krismasi, tena alifuata televisheni. Aliyemsomea mzee gazeti kila Jumamosi ni mimi.

Nimefanya mazoezi hata hivyo, kwenye ngazi za jengo letu hapa Kilburn. Mto wa kitanda, juu yake kifuniko cha sufuria. Kifuniko kimefika chini kabla yangu.

Jumamosi, 9 Juni

Nimempigia Jennifer simu ya pole. Katikati ya pole nimemjulisha kwamba anayebeba nishani hufunika nywele zote na kuvaa viatu vya shule. Kumbe amesukwa jana, kutwa nzima. Akasema kama naupenda sana huo mto, niubebe mwenyewe. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Mama hapendi. Anasema sisi pale ni watu wa kazi, tukae nyuma. Binti wa mzee amemwahidi kazi nyingine baada ya mazishi, ya kumtunza mama mkwe wake. Hataki kelele.

Ijumaa, 15 Juni

Mazishi. Nilisimama mlangoni mwa kanisa na mto mikononi, mgongo wima. Afisa mwenye glavu nyeupe akashuka kwenye gari la ubalozi, akauchukua mto, akaniachia mwavuli wake.

Sikukata tamaa. Makaburini mvua ilianza, nikaenda kumfunika mkubwa wa ubalozini kwa ule mwavuli. Alinishukuru kwa Kifaransa, akasema babu yangu alikuwa mtu mnyoofu. Sikumsahihisha, muda ulikuwa mfupi. Nikamweleza yote: Baba, vita, viza. Alishangaa kwamba hakimu ana mtoto Bukavu. Akamgeukia binti wa mzee, akampa pole kwa ajili ya kaka yake aliyeko vitani.

Binti wa mzee hana kaka.

"Huyo ni mtoto wa mfanyakazi," alisema Jennifer. Hakupaza sauti. Wote walisikia.

Mkubwa aliuchukua mwavuli taratibu. "Binti yangu," alisema, "hata shemeji yangu wamemnyima viza."

Tuliombwa tuondoke kabla jeneza halijashushwa. Kwenye treni, karibu na kituo cha Finchley Road, Mama alinigeukia.

"Weye mutoto, ule mzee nilimufunga macho kwa mikono yangu. Leo sikumutupia hata udongo."

Jumapili, 17 Juni

Kazi ya mama mkwe haipo tena. Mama amekwenda kanisani peke yake. Amenikataza kusema na mtu yeyote mwenye cheo.

Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona. Nilichagua nishani ya nchi isiyohusika na viza yetu.

Bwana Mohinder, mwenye duka la magazeti karibu na kituo, ametangazwa jana kupewa nishani kwa kuwafundisha vijana mpira wa magongo. Ataitwa ikulu. Huenda akavishwa na Malkia mwenyewe! Kila mtunukiwa huruhusiwa wageni watatu. Bwana Mohinder ana mke na mtoto mmoja tu.

Nafasi moja iko wazi. Kesho alfajiri nitakwenda kumpangia magazeti.