Vita vya Kidari cha Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Umepotea, mwanangu, mpaka njia ya kwenu imesahau nyayo zako. Salamu zenyewe unatuma kwa kidole gumba kwenye simu. Mdomo unamwekea nani? Haya. Nitakuandikia humu kila siku, ukija usome kwa mkupuo mmoja na aibu ikushike vizuri. Shule sikuiona. Herufi nilifundishwa na baba yako kwa kipande cha mkaa, ukutani mwa jikoni, kwa hiyo zikipinda mlaumu yeye.

Na yeye ndiye habari yenyewe. Moyo ulimsumbua, daktari akasema mafuta basi. Kesho yake wifi yako, mke wa kaka yako, akaingia jikoni na sufuria lake la mvuke. Jikoni mwangu! Tangu hapo ni kidari cha kuku, mchana kidari, jioni kidari. Cheupe kama taulo. Ukikitafuna, taya linaomba likizo. Kila mtu na sahani yake, baba yako anapelekewa yake chumbani. Anakula matonge mawili, anashukuru, anageukia ukuta. Mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Daktari kasema akizidi kukonda, Jumamosi anamlaza wodini. Mzee yule na wodi? Atakufa kwa hasira kabla ya ugonjwa.

Kosa ni la mvuke. Kabla ya Jumamosi jiko litakuwa langu.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimenyenyekea. Nimemwambia wifi yako anifundishe kidari cha kikaangoni, na mimi nijue. Kafurahi, maskini. Kanieleza kabla ya kwenda kazini: pasua kidari kiwe chembamba, kiponde kwa mchi kilainike, kipake ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha kikaangoni na mafuta kijiko kimoja. Kimoja tu, mama, akarudia mlangoni.

Nimetii neno kwa neno. Kijiko kimoja.

Sasa, kila mtu ana kijiko chake. Mimi changu ni upawa.

Kuku alielea. Harufu ilifika kwa fundi cherehani, jirani, naye akaja kuuliza nani anaoa. Wifi yako karudi. Kachukua kijiko cha chai, kakiweka kando ya upawa wangu, akavitazama kama mtu anayelinganisha mtoto na babake. Mkwe anayenyamaza ni mbaya kuliko anayetukana. Kuku kapewa fundi cherehani. Baba yako kaletewa taulo.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu ulikuwa safi. Mtindi! Nimekilaza kidari ndani ya mtindi, chumvi kidogo na bizari. Nimekichoma juu ya mkaa, bila tone la mafuta. Kimetoka na madoa ya dhahabu, nikikibonyeza kinatoa maji. Nilijipigia vigelegele moyoni.

Lakini wifi yako alikuwa amesema nyama ikitoka motoni ipumzishwe kwanza, maji yake yatulie, ndipo ikatwe. Nikaipumzisha. Nikaifunika kitambaa kama mgonjwa. Hakusema ipumzike kiasi gani, na mimi najua mchovu ni wa kuachwa. Nikaona na mimi nijinyooshe kidogo.

Kuamka, paka wa fundi cherehani ndiye aliyekuwa amepumzika. Juu ya kitambaa. Tumbo mviringo.

Nimepiga kelele mpaka baba yako akatoka chumbani na fimbo. Kamtazama paka, kanitazama mimi, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hospitali sikuwahi kumsikia akicheka. Kisha akarudi chumbani, akala matonge mawili.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sikupika. Leo nimefanya magendo.

Nimekwenda kwa muuza kuku wa kukaanga pale kona, nikanunua ngozi tupu, zile zinazolia kachu. Nikazifukia chini ya wali wa baba yako, juu nikaweka kidari cha wifi yako kama kifuniko. Nikamkalia pembeni nione uso wake ukichanua.

Akafukua. Akaziona. Akailamba moja kidogo, sikatai, kisha akasukuma sahani.

Nikamwambia ale, mume wangu, unakwisha. Nikamwambia najua mvuke unamuua.

Akasema, "Mama watoto, kuku hana ubaya. Ubaya ni kula peke yangu kama mfungwa. Tangu jiko lichukuliwe wewe umenuna huko uani, na mimi naletewa sahani mlangoni. Tumekula sahani moja tangu nikuoe. Nimeze vipi?"

Nikainuka kama niliyesahau chungu motoni. Nikalia uani. Moshi, nilimwambia fundi cherehani. Moshi wa nini, akauliza, jiko limezimwa. Ana maneno yule mwanamke.

Ijumaa, 8 Machi

Leo tumepika wawili, mimi na wifi yako. Nimemwonyesha kukata kidari kukatisha nyuzi za nyama, si kuzifuata, ndiyo maana chake kilikuwa kamba. Naye kanionyesha kunyunyiza maji kikaangoni: yakicheza, moto umefika. Ndimu, tangawizi, mafuta ya kijiko chake kile cha mwanasesere. Upande huu, upande ule, nyanya juu, funika, epua. Kabla sijasema hivi ndivyo nilivyokuwa nikitaka, keshapakua.

Sahani moja. Baba yako na mimi, kitandani, magoti yanagusana kama wachumba. Kamaliza. Kafuta na rojo. Kaniibia kipande upande wangu, na mimi nikajifanya sikuona.

Wifi yako alikuwa mlangoni. Nikamwambia kilihitaji chumvi. Hakikuhitaji.

Jumamosi, 9 Machi

Kliniki. Baba yako kapanda mzani kama anakwenda kunyongwa. Uzito umepanda! Presha imeshuka! Halazwi! Daktari kampa wifi yako mkono, kamsifu kwa kidari chake. Wifi yako kasema ni mama, daktari, alipokaa kula naye ndipo alipokula. Msichana mwema. Hajui chochote.

Maana nimefikiri njia nzima ya kurudi, na jibu ni moja. Mlo mmoja wa jana haunenepeshi mtu. Kula na mimi, sawa, ni raha, lakini raha haina uzito. Kilichompandisha mzani ni kile alicholamba Alhamisi. Kulamba tu! Je, angemeza?

Kwa hiyo ukija, na uje upesi, niletee mafuta ya kupikia chupa kubwa. Yatie kwenye chupa ya dawa ya kunguni na karatasi yake ibaki pale pale, maana wifi yako anasoma kila kitu. Pitia mlango wa uani. Na usimwambie baba yako, yeye siku hizi yuko upande wa daktari.