Pete ya Daktari Haikosei

Daktari hakuwahi kusomea udaktari wa watu wala wa mifugo. Jina alijipa mwenyewe siku aliyookota koti jeupe lililosahauliwa na mpaka rangi, na kwa kuwa hakuna aliyembishia, likamkaa.

Asubuhi moja, akipita uchochoro wa nyuma ya saluni, alisikia kelele za vifaranga. Akachungulia juu ya ukuta. Walikuwa ishirini na wanne, wa wiki sita hivi, wanaparua uani. Moyo ukamruka, na haukuruka bure. Daktari alikuwa akiishi kwa mama mkwe, na mama mkwe alishasema lake: "Miezi minne, baba. Nione mayai mezani, au nione kisogo chako." Mkewe alikuwepo, akasikia, akaendelea kukunja nguo. Huko kukunja nguo ndiko kulikomuuma.

"Hodi, mama! Hawa umeshawapima?"

Msusi akatokea mlangoni na kitana mkononi. "Niwapime nini tena?"

"Jike na dume! Humo unalisha majogoo bila kujua. Na jogoo hatagi, mama, anakula tu."

Akatoa pete iliyofungwa kwenye uzi, akaining'iniza juu ya kifaranga mmoja. Pete ikizunguka, jike. Ikienda mbele na nyuma, jogoo. Ikaenda mbele na nyuma. "Pole sana. Lakini kupima ni bure, na kila jogoo nitakuondolea kwa hela ya soda."

Ukweli ni kwamba pete haikujua lolote. Aliyejua ni Daktari. Umri ule, kilemba cha dume, ile nyama ya kichwani, huanza kuvimba na kuwa chekundu, na cha jike hubaki kidogo, kimepauka. Kila uani alikopita, Daktari alitupia kichwa jicho, kisha vidole vyake vikaichezesha pete kinyume. Jike akaitwa jogoo, akaingia kwenye tenga lake na kuishia sokoni. Mwenye kuku akabaki na majogoo matupu, akichekea tumboni kwamba kapata mjinga wa kununua walaji. Tamaa zao zilimfanyia Daktari nusu ya kazi.

"Njoo kesho," alisema Msusi. "Leo nina vichwa vinne vinanisubiri."

Kesho yake Msusi alikuwa mpole ajabu. Alimshikia kifaranga mmoja mmoja, amemviringisha kwenye aproni, kichwa tu nje. Kila kilemba kilichopauka, pete ilisema jogoo.

"Jamani, mwingine tena!" alilia Msusi. Alilia mara kumi na mbili.

Daktari akaondoka na tenga, anapiga mluzi.

Nyumbani alijenga banda kwa mikono yake mwenyewe, jambo lisilowahi kuonekana. Mkewe aliacha nguo, akaja kumshikia misumari. Jioni ile Daktari alifurahi kweli, furaha ya mtu mwenye kazi yake. Baada ya siku chache vilemba vikaanza kuwa vyekundu. Mkewe akauliza.

"Ni afya hiyo," akajibu Daktari. Alishazoea kudanganya watu, akajidanganya na yeye bila shida.

Alfajiri moja, miezi minne ikikaribia kuisha, bandani kukawika. Kufika mwisho wa wiki waliwika wote kumi na wawili, kwa zamu, hadi jirani akagonga ukuta.

Mama mkwe akaja na kanga yake begani. "Jogoo hatagi, mkwe wangu, anakula tu. Si ndivyo unavyowaambia wenye kuku? Una mpaka jioni."

Daktari akabeba tenga mbio hadi saluni. "Mama! Umenipa majogoo!"

Msusi hakuacha kusuka. "Kwani ulichukua nini?"

Wateja watatu wakageuka. Aliwatambua wote watatu, maana wote aliwahi kuwapimia. Mmoja akajitoa kwenye mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri. "Sema, Daktari. Tunakusikiliza."

Daktari akalitua tenga chini. Kudai haki yake ilibidi kwanza aseme alidanganya.

"Hawa wote walikaa kwenye kiti hiki wakilia kilio kimoja," alisema Msusi. "Waliobakizwa na pete, wote wanawika. Na mimi kazi yangu ni vichwa. Siku ya kwanza niliona jicho lako linakwenda kichwani kabla pete haijatikisika." Akaonyesha rafu kwa kitana. "Madume niliwapaka poda kilembani. Majike, rangi ya mdomo. Pete yako haikukosea, baba. Ulisema majogoo, ukapata majogoo."

Saluni nzima ikacheka, na yule wa kwenye mashine akacheka hadi machozi.

"Ila usihuzunike," aliongeza Msusi. "Nitakuondolea wote kwa trei moja ya mayai. Wangu wanataga vizuri mno."

Alikubali. Angefanyaje? Jioni akaingia nyumbani na trei kifuani, kwa mwendo wa mshindi.

"Mama, mayai yako hayo! Ya kuku wetu!"

Mama mkwe alimwangalia bintiye. Mkewe alikuwa ameketi mkekani, anakunja nguo, na safari hii zilikuwa za Daktari. Shati la mwisho likaingia begini.

"Juzi nilikwenda kusukwa," akasema taratibu. "Nimesikia yote." Kisha akalinyanyua koti jeupe. "Na hili, nilikunje, au nimrudishie mpaka rangi?"