Ukuta Nilioupaka Unga wa Bukari

Jamani, aibu niliyoipata leo, hata kuku wa jirani ni mashahidi.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kasenga kuiona nyumba yetu. Mke wangu, Nadine, ana mimba ya kwanza, na kwenye simu mama alisema wazi: akikuta nyumba ina unyevu, anaondoka na binti yake, akajifungulie kwao. Mimi nibaki na nani? (Ndiyo, naogopa kulala peke yangu. Endeleeni kusoma.)

Asubuhi natoka kufagia. Ukuta wa barza, kibaraza cha mbele ya nyumba, ule mweupe niliopaka kwa mikono yangu, umejaa madoa! Madogo, meusi, ya mviringo, kama vichwa vya pini. Mama akiyaona, atasema ni unyevu.

Nikamwita jirani, kaka Marcel, ambaye kwa heshima tunamwita Ya Marcel.

"Iko mavi ya nzi," akasema bila hata kuinama. "Pangusa na sabuni."

Nikapangusa. Wapi! Nikamwaga javel, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Mimi nikatoka machozi, madoa hayakutoka. Nikachukua kisu cha jikoni: doa likabanduka na rangi yangu, likaacha alama ya kahawia mbaya kuliko lenyewe.

Nikapiga magoti nione vizuri. Chini ya ukuta nilikuwa nimemwaga maranda ya seremala kwenye maua, ili mama mkwe aone binti yake ameolewa na mtu wa maana. Mvua ilikuwa imeyalowesha mpaka yameota kuvu, vijitu vidogo mno, vimefunguka kama vikombe, kila kimoja na kitone cheusi ndani. Nikasogeza uso. Tik! Kitone kikarukia kioo cha miwani yangu. Kumbe ndio hawa wanaoupiga ukuta wangu risasi!

Nikayazoa maranda yote, nikayatupa nyuma ya choo. Sawa, hayatarusha tena. Lakini yaliyokwisha kunata?

"Mama anashuka kwenye taksi!" Nadine akaita kutoka jikoni.

Rangi sina. Chokaa sina. Macho yakaangukia mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu wa kila siku. (Msiniulize nilifikiri nini. Sikufikiri.) Nikaukoroga na maji, nikapaka. Ukuta ukawa mweupe, nikajipongeza.

Mama akaingia. Mnajua kwetu mama mkwe haangaliwi usoni wala haongeleshwi. Nikasimama mbali, macho chini, nikapiga makofi ya salamu. Akajibu kwa makofi. Halafu akavuta kiti mpaka ukutani.

Nifanyeje? Nikapiga makofi kwa nguvu zaidi. Akajibu, amefurahi. Nikapiga tena, jasho linanitoka. Akajibu tena. Na akaegemea.

"Nadine! Ambia mama asiegemee!"

Nadine akatoka na maji ya kunywa. Mama akainuka kuyapokea: mgongo wote wa kikwembe, kitenge chake kipya, ni uji mtupu! Kuku wa Ya Marcel wakafika hapo hapo. Wengine ukutani, mmoja nyuma ya mama, anadonoa. Na pale alipoegemea, madoa yangu yako wazi.

Mama akayatazama. Akamgeukia Nadine, mimi niko palepale.

"Ulizia bwana yako, hii nyumba iko na surua?"

"Ambia mama, iko kuvu tu, ilitoka mu maranda! Nyumba iko kavu, ashike ukuta!"

"Mama anasema amekwisha kuushika," Nadine akajibu, anacheka mpaka ameshika tumbo.

Mama akaingia ndani. Akapapasa kuta zote, akanusa pembe zote. Kavu. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: mke wangu haondoki.

"Lakini muntu wa kupaka bukari ku ukuta," nikamsikia akimwambia Nadine, "hawezi kuachiwa mutoto. Miye njo nitabakia hapa, mpaka mutoto atembee."

Nyumba yetu ina mlango mmoja, wa barzani, na kwetu mkwe hapiti mbele ya mama mkwe. Nawaandikia haya nikiwa nyuma ya choo, kando ya maranda yangu, nasubiri mama mkwe atoke barzani nipate kuingia kwangu. Anayecheka, aniletee chakula.