Kwanza Kornelia Anakosea

Jumatatu, 24 Machi

Faudhia kanialika Lamadi!

Niandike kwa utaratibu. Tuko wanachuo watatu katika shule hii ya msingi hapa Bariadi, tumeletwa kwa mazoezi ya kufundisha: mimi, Faudhia na yule Rodgers. Leo mapumziko ya saa nne Faudhia akasema shule ikifungwa Ijumaa anakwenda Lamadi kula Idi kwa mama yake mkubwa, anayeuza samaki. Akasema tukitaka tufuatane naye. Ziwa! Sato wa kukaanga! Aliposema "tukitaka" alinitazama mimi. Rodgers alikuwepo kwa bahati mbaya tu.

Kikwazo ni kimoja. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Magese, katangaza kwamba mwanachuo atakayefika Ijumaa hajafaulu ukaguzi atabaki likizo nzima kufundisha kambi ya darasa la nne. Mkufunzi wa chuo atakuja wiki hii, siku haijulikani. Na ukishindwa mara mbili, unarudia mwaka. Mwaka mzima! Shangazi yangu anauza dagaa sokoni na keshawatangazia wote kuwa mimi ni mwalimu tayari. Hata wauza nyanya wananiita Mwalimu. Nitapita wapi?

Faudhia keshafaulu. Rodgers naye kakaguliwa wiki iliyopita. Kapata A. Ameniuliza kama nataka kuliona andalio lake la somo. Nimemjibu nina mbinu zangu. Sina, ila zitakuja.

Jumanne, 25 Machi

Zimekuja.

Kama siku ya mkufunzi haijulikani, basi nitafundisha somo lilelile kila siku mpaka afike! Hisabati, darasa la nne: ipi kubwa, theluthi au robo? Wanafunzi sitini na mmoja. Kila swali nimelipangia mtu wake na jibu lake. Hakuna kubahatisha.

Kisha nikashtuka. Darasa lisilokosea hata kidogo litatiliwa shaka. Lazima mmoja akosee, nami nimsahihishe kwa upole, nivune alama za kumsaidia mwanafunzi mwenye shida. Nimemchagua Kornelia, mtoto mpole wa dawati la mbele. Kazi yake ni kusema robo ndiyo kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu.

Sijawahi kuona mtoto mgumu namna ile. Kila akifika kwenye kosa anauliza kwa nini ni kosa. Ikabidi ninunue chapati mbili kwa mama wa getini, moja nikaikata vipande vitatu, nyingine vinne, akavishika mwenyewe. Akavipima. Akavipanga juu ya dawati. Akaniuliza sasa mtu anayeviona hivi atasemaje robo ni kubwa. Nikamwambia ajifanye hajui. Akasema hilo ndilo gumu.

Dakika arobaini zimepotea kwa mtu mmoja. Na chapati kazila.

Jumatano, 26 Machi

Mkufunzi hajaja. Somo limekwenda vizuri mno. Watoto wanajibu kabla sijamaliza kuuliza, nimewaomba wapunguze mwendo.

Rodgers alipita dirishani, akauliza mbona ubaoni ni mambo ya jana. Nikamjibu kwamba narudia kwa ajili ya wale wazito. Akatikisa kichwa. Wivu huo.

Jioni nikaenda kwa shangazi kuomba jogoo. Mkufunzi aliyeshiba haandiki vibaya. Shangazi alimkamata yule mwekundu anayempenda, akamfunga miguu mwenyewe, akanikabidhi. "Ng'wanawane," akasema, "usinitie aibu sokoni." Ananiita mwanawe namna hiyo anapokuwa na wasiwasi. Nikamwambia asijali, mkufunzi atakula, atasaini, ataondoka.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwisha.

Saa tatu asubuhi aliingia mama mmoja na mkoba, akasimama nyuma ya darasa. Nikamwambia wazazi wanasubiri nje. Akasema yeye ni Madam Mwanamisi, kutoka chuoni.

Nikamwamkia. Nikamwambia kuku yuko jikoni, karibu upate supu kwanza. Akanijibu kwa utulivu kwamba amefunga. Amefunga! Ni mwezi wa Ramadhani, na mimi mwenyewe nimepanga safari ya kwenda kula Idi! Nilikuwa nimesimama mbele yake na chapati mbili za moto mkononi.

Kwa kihoro hicho nikaruka. Kutoka swali la pili nikaenda moja kwa moja la nne. Macho sitini na moja mara mbili yakanikodolea. Ndipo Malimi, kiranja wa darasa, akanyoosha mkono, akasimama wima.

"Mwalimu, umeruka. Kwanza Kornelia anakosea."

Na Kornelia, mtoto mtiifu, akasimama, akasema robo ni kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu, akakaa. Nami nikatabasamu kwa upole, maana tabasamu lilikuwa limepangwa hapo.

Madam akaomba chaki. Akaandika sehemu nyingine kabisa, robo na moja ya tano, akauliza ipi kubwa. Watoto sitini wananitazama wapewe jibu lao. Mkono mmoja tu ukapanda, wa Kornelia. Akasema robo. Akaeleza kwamba chapati ikigawanywa kwa watu wengi kila mmoja anapata kadogo. Madam akamuuliza nani kamfundisha.

"Mwalimu Josia," akasema. "Alinifundisha nikosee vizuri."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Ijumaa, 28 Machi

Taarifa imefika. Nimeisoma mara tano, haibadiliki. "Amefundisha mwanafunzi mmoja. Sitini amewakaririsha. Atakaguliwa tena wiki ijayo." Siku haikutajwa. Mchezo uleule!

Shule imefungwa. Faudhia kapanda basi la Lamadi saa saba. Rodgers naye, na kofia mpya ya ufukweni. Alinishika bega akaniambia nijitahidi. Huyo huyo ndiye aliyemla jogoo jana, na supu akamalizia.

Shangazi kauliza kama mkufunzi alimfurahia kuku. Nikasema hakubakiza hata mfupa. Akacheka kwa furaha, akawaita majirani wasikie. Nimeona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Shule kimya. Nimekunywa uji.

Faudhia katuma picha. Rodgers kashika sato mkubwa kuliko paja lake, na mama mkubwa anamtazama kama mkwe. Mkwe! Chini ya picha Faudhia kauliza: Kornelia bado anakosea? Kwa hiyo habari imefika mpaka Lamadi. Nimelala chali sakafuni kwa muda.

Nikiwa pale sakafuni nikajiuliza kwa nini, kati ya sitini na mmoja, alijua Kornelia peke yake. Nikawaza kwa muda mrefu. Kisha nikaketi ghafla. Ni kwa sababu ndiye niliyempangia kukosea!

Sasa nimeshika ufunguo. Nilikosea kumpangia mmoja. Darasa zima likosee!

Jumanne, 1 Aprili

Kambi. Nimewatangazia kila mtu atapewa kosa lake. Makosa sitini na moja, nimeyaandika mwenyewe, hakuna linalofanana na jingine. Madam atakuja Alhamisi, naona, maana atakuwa bado anapumzika na Idi.

Shangazi kanipikia chapati kumi na tano, nimemwambia ni za sherehe. Nimewagawa watoto vikundi. Kazi ni ngumu kupita kiasi. Kila mtoto anataka kujua kosa lake ni kosa kwa nini. Nikate, nipime, nieleze, nikate tena. Malimi kabisha nusu saa kwamba mbili ya sita na theluthi haziwezi kuwa sawa, mpaka vipande vikawekwa kimoja juu ya kingine akakubali. Kornelia anazunguka kwenye vikundi akiwaambia wenzake huwezi kukosea vizuri kama hujui lililo sahihi. Huyo mtoto kanielewa.

Sauti imenikauka. Sikuandika hata andalio la somo, sikupata nafasi.

Jumatano, 2 Aprili

Siamini. Siamini kabisa.

Saa nne hivi, tukiwa katikati ya mazoezi ya kukosea, nimeinua kichwa, Madam Mwanamisi kaketi nyuma! Siku moja kabla! Sijui aliingia lini. Nina unga wa chapati mpaka kwenye nyusi, ubao umejaa mistari, watoto wanabishana hawanioni hata mimi.

Akasimama, akaandika maswali sita, yote mageni. Mikono yote ikapanda. Yote! Nikawakonyeza wakosee. Nikakohoa. Nikamkanyaga Malimi mguu. Hakuna aliyenisikiliza. Malimi akajibu sawasawa, tena na sababu zake.

Madam akasaini. Nimefaulu! Machozi yalinitoka, sikuyazuia. Akaniuliza nimefanyaje tangu Alhamisi. Kwa vile keshasaini, nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa nawaandaa kukosea. Akafunga mkoba wake.

"Josia," akasema, "hiyo ndiyo inaitwa kufundisha."

Sikumwelewa. Nadhani ni uchovu wa mfungo. Cha muhimu hakuigundua mbinu hata baada ya kuambiwa. Nimekimbia sokoni kumwambia shangazi, akanibeba mbele ya wauza nyanya. Mwalimu Magese kaniruhusu, kesho asubuhi napanda basi la Lamadi. Tayari nimemwandikia Faudhia kwamba nimeupata ualimu bila kufundisha hata somo moja.

Nawahurumia watoto tu. Sitini na mmoja wamejiandaa kukosea, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi.